Kinacholipika Kilipwe: Msamaha Katika Makanisa ya Nyanda za Juu Kusini

Kwenye mikesha ya mwaka mpya, kuanzia Mafinga hadi Tukuyu, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuna sentensi isiyokosekana kanisani: "Kama kuna mtu yeyote niliyemkosea, naomba anisamehe." Kanisa zima linaitikia Amina, watu wanakumbatiana, na kesho yake aliyesogezewa mpaka wa shamba anaamka na kuukuta mpaka palepale uliposogezwa. Aliyesema hakuwa na nia mbaya. Ila kosa halikutajwa, aliyekosewa hakuulizwa amepoteza nini, na hakuna aliyejua ni kitu gani hasa kilichokuwa kinaombewa msamaha.

Tumeutenga msamaha na hesabu, na hapo ndipo tunapokosea. Wazee wa kanisa wanaogopa kwamba wakianza kuuliza nani alifanya nini, lini na kwa hasara kiasi gani, upendo utaondoka na kesi itaingia. Maandiko hayana woga huo. Sala ya Bwana katika Mathayo 6:12 inazungumza deni na wadeni. Petro alipouliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, Yesu alimjibu saba mara sabini, na papo hapo akaeleza habari ya mfalme aliyetaka kufanya hesabu na watumwa wake. Kabla mfalme hajafuta chochote alijua anafuta nini: talanta 10,000.

Tukae kidogo kwenye tarakimu hizo, maana mahubiri mengi huziruka. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama Mathayo 20 inavyoonyesha. Tuseme kibarua wa palizi huku kwetu analipwa shilingi 7,000 kwa siku. Dinari 100 alizodai yule mtumwa kwa mwenzake ni shilingi 700,000, yaani mbolea na mbegu za msimu mzima kwa familia ya kawaida. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, kwa hiyo talanta 10,000 ni dinari milioni 60, na kwa ujira uleule zinafika shilingi bilioni 420. Yesu hakumwambia aliyekosewa kwamba alichopoteza ni kidogo. Ni laki saba halisi, zinazouma, ambazo amezipanga kando ya bilioni 420 ili mdai aone naye amefutiwa kiasi gani. Mzee anayemwambia muumini "jambo lenyewe dogo, samehe tu" ameharibu mfano wenyewe, kwa sababu nguvu yake inatokana na laki saba kuwa fedha nyingi.

Sasa tuchukue kosa ambalo kila kijiji cha Mufindi na Njombe kinalijua. Mwezi wa 10, mtu anachoma mabua shambani akiandaa msimu. Hakuwaambia majirani, hakulima njia ya kuzuia moto pembeni, na aliwasha saa sita mchana, upepo unapoanza kukaza. Moto unavuka na kuingia kwenye ekari mbili za misindano yenye umri wa miaka 7. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja inabeba miti kama 450, hivyo hapo kuna miti 900. Jumapili wazee wanawaita wote wawili mbele ya ofisi ya mchungaji. "Shikaneni mikono, tuombe." Dakika kumi, imekwisha. Baada ya miezi miwili mwenye miti hapiti tena njia ile, mke wake amehama kundi la kwaya, na watu wanamnong'ona kwamba ana kinyongo, wakati alisamehe mbele ya mashahidi.

Kinyongo ni jina tunalompa mtu ambaye hatukumsikiliza. Katika kikao kile hakuna aliyekwenda shambani. Laiti wangekwenda baada ya wiki chache, kwa sababu hasara ya moto haionekani yote siku ileile. Msindano ulioungua majani yote ya juu kwa kawaida hauponi, lakini ulioungua chini peke yake, kilele kikabaki kibichi, huweza kuendelea. Unakwangua gome kwa kisu: chini yake pakiwa na unyevu na weupe wa kijani, mti una uhai, pakiwa pakavu na pa kahawia, umekufa. Wazee wawili na pande zote mbili, kwa asubuhi moja, wangeweza kuhesabu miti mstari kwa mstari. Huenda wangekuta iliyokufa ni 600, siyo 900. Aliyekosa angejua ukubwa wa alichofanya kwa macho yake, na mwenye miti angepata kitu ambacho sala ya dakika kumi haikumpa: watu wengine wameiona hasara yake na kuikiri.

Torati inalijua kosa hilihili. Kutoka 22:6 inazungumzia moto uliowashwa ukatoroka na kuteketeza nafaka ya mtu, na inamtaka aliyewasha alipe. Haiulizi kama alikusudia. Hesabu 5:6-7 inaongeza utaratibu: mtu aungame dhambi yake, arudishe kamili, na juu yake aongeze sehemu ya tano. Kwa miti 600 hiyo ni miche 600 na mingine 120, jumla 720. Mpanda miti yeyote wa huku ataona kwamba nyongeza hiyo ina kazi shambani, kwani miche mingine hufa baada ya kupandwa na lazima kujazia. Wizi ulikuwa na kipimo kizito zaidi katika Kutoka 22:1, ng'ombe watano kwa mmoja na kondoo wanne kwa mmoja. Zakayo katika Luka 19 alijihukumu kwa kipimo cha kondoo, mara nne, kabla hata hajaambiwa alipe.

Aliyewasha moto pengine hana fedha, na hapo ndipo vikao vingi hukwama: mmoja anadai milioni kadhaa, mwingine hana hata laki. Lakini deni la miti linaweza kulipwa kwa miti na kwa mikono. Atoe miche 720, achimbe mashimo, apande mvua zikishashika, Desemba hadi Januari, na afanye palizi kwa miaka mitatu ya kwanza. Ukishaandika hivyo, mtu maskini anaweza kulipa bila kuuza shamba lake, na mwenye miti anamwona jirani yake akiinama kwenye shamba lake msimu hadi msimu. Ukaribu huo hurudisha mengi ambayo kumbatio la kanisani haliwezi kuyarudisha.

Baada ya yote hayo kuna kitu bado hakijalipwa. Miche mipya ndiyo kwanza imepandwa, na miti iliyoungua ilikuwa na miaka 7. Ada ya mtoto iliyokuwa inasubiri mbao haiwezi kusubiri miaka 7 mingine. Hakuna mche wala jembe linaloweza kurudisha muda, na msamaha ndio unaingia hapo. Malipo hubeba kinacholipika. Msamaha hubeba kisicholipika. Mwenye miti anaulizwa, kwa jina la hasara hiyo yenyewe: je, miaka hii saba unamwachia? Akisema ndiyo, anajua amesema nini, na mwenzake anajua amepewa nini. Akisema bado, apewe muda, na asinyimwe Meza ya Bwana kwa sababu hiyo huku aliyewasha moto akishiriki.

Msomaji makini wa Biblia atakuwa ameshashika 1 Wakorintho 13:5, kwamba upendo hauhesabu mabaya. Ni pingamizi la haki. Lakini Paulo huyohuyo, katika barua hiyohiyo sura ya 6, anawauliza Wakorintho kama hawana hata mtu mmoja mwenye hekima anayeweza kuamua kati ya ndugu. Kuamua kunahitaji kujua kilichotokea. Anachokataza sura ya 13 ni daftari lisilofungwa, lile linalofunuliwa kila ugomvi mpya: "hata mwaka ule ulinichomea miti." Hesabu tunayoizungumzia hapa inafanywa mara moja, mbele ya mashahidi, kwa kusudi la kufunga. Aliyekwisha kulipwa na kusamehe hana ruhusa ya kulifungua tena, hata akiwa na hasira ya jambo lingine. Na Paulo anapouliza kwa nini msikubali kudhulumiwa, anasema na mwenye kudai, ambaye anaweza kuchagua kuacha haki yake. Hajawapa wazee mamlaka ya kuiacha haki hiyo kwa niaba yake.

Wamoraviani wa Rungwe wana mfano wa jambo hili katika historia ya kanisa lao. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, wakitoka katika kanisa lililozaliwa upya Herrnhut, Ujerumani, kwenye ardhi ya Zinzendorf, kabaila aliyewapokea wakimbizi wa imani. Wakimbizi wa Herrnhut walikuwa wamegombana vibaya kwa habari ya mafundisho na maisha ya pamoja. Tarehe 13 Agosti 1727, kwenye Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, walilia na kupatana, na siku hiyo inaadhimishwa mpaka leo. Kinachosahaulika ni tarehe 12 Mei ya mwaka uleule, miezi mitatu nyuma yake, walipotia saini masharti ya kuishi pamoja. Maandishi yalitangulia, machozi yakafuata. Vikao vyetu vinapanga machozi kwanza, kisha vinashangaa kwa nini hayakauki.

Makanisa mengine makubwa ya ukanda huu yana mafundisho yanayofanana nayo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inasema ondoleo linaondoa dhambi lakini haliponyi madhara yote dhambi iliyoyaleta, na inataja kurudisha kilichoibwa. Wanajumuiya wanaokutana kila wiki kwenye nyumba za waamini wana nafasi nzuri ya kulisimamia hilo, kwa sababu wanajuana mashamba na mifugo. Walutheri wa Iringa, Njombe na Konde wanafundisha watoto wa kipaimara Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ambamo ombi la tano linaunganisha kusamehewa kwetu na kuwasamehe kwa moyo waliotukosa. Mafundisho yapo. Yanayokosekana ni kalamu, karatasi na asubuhi moja ya kwenda shambani.

Karatasi yenyewe haihitaji mwanasheria. Iandikwe tendo kwa jina lake ("nilichoma mabua tarehe fulani bila kuwaarifu majirani"), hasara iliyohesabiwa, kitakacholipwa, kwa namna gani na hadi lini, na kinachosamehewa. Mashahidi wawili kila upande, nakala tatu, moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Makubaliano mengi yanavunjika kwa mambo madogo yanayoweza kuzuilika. Tarehe ya mwisho haikuandikwa, basi kila upande una yake. Mashahidi wote walikuwa wajomba wa mmoja. Mdeni alitakiwa alete fedha zote siku moja, akashindwa, akaanza kukwepa hata ibada. Au mambo yake yalisomwa kwenye matangazo kila Jumapili mpaka akahama kanisa, na hapo aliyekosewa akabaki bila malipo na bila ndugu. Deni likilipwa, karatasi ichanwe mbele ya watu walewale waliosaini.

Kuhusu nani aanze kumwendea mwenzake, hakuna upande wenye ruhusa ya kukaa nyumbani. Mathayo 5:23-24 inamtuma aliyekosa aache sadaka yake madhabahuni aende akapatane. Mathayo 18:15 inamtuma aliyekosewa aende akamwonye mwenzake, wao wawili peke yao, kabla ya kuchukua mmoja au wawili, kabla ya kuliambia kanisa. Kwetu hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa. Habari inaanzia kwenye kundi la WhatsApp la akina mama au la kwaya, inafika kwa mchungaji siku ya pili, na mkosaji anakuwa wa mwisho kuambiwa.

Lakini hatua hiyo inazungumzia ndugu na ndugu. Mke anayepigwa asitumwe peke yake kwenda kumwonya anayempiga, na mtoto asikalishwe chumba kimoja na aliyemdhuru ili "wapatane". Hili linahitaji kusemwa bila kupindapinda, kwa sababu sura ya 18 imetumika kuwarudisha wanawake kwenye kipigo. Wanaambiwa saba mara sabini. Luka 17:3-4 inaeleza habari ya ndugu anayerudi mara saba kwa siku akisema nimetubu. Anayerudi na fimbo hayumo. Daudi alimsamehe Sauli kiasi cha kuuchukua mkuki wake usiku na kumwacha hai, na Sauli akamwita arudi, akamwahidi hatamdhuru tena. Mstari wa mwisho wa 1 Samweli 26 unasema Daudi akaenda zake na Sauli akarudi mahali pake. Sura inayofuata Daudi anavuka mpaka kwenda Gathi. Hakuna nabii aliyemlaumu kwamba msamaha wake ulikuwa na kasoro. Kuaminiana ni jambo la pekee, linajengwa upya kwa tabia ya muda mrefu, na pengine lisijengeke kabisa.

Kwa mtoto aliyebakwa au kulawitiwa, ile desturi ya "kuyamaliza kifamilia" haina hata nafasi ya kuitwa msamaha. Wa kusamehe deni ni mwenye deni peke yake, na mwenye deni hapa ni mtoto. Baba akipokea ng'ombe au fedha ili kesi iishe, amemuuza mwanawe mara ya pili. Kinachotakiwa ni polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, fomu ya PF3 inayotolewa na polisi kwa ajili ya matibabu, na hospitali haraka iwezekanavyo, mtoto akiwa hajaogeshwa wala nguo zake hazijafuliwa, maana ushahidi hupotea kwa saa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa ya haki za mtoto kuvunjwa wajibu wa kuitoa kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Mchungaji, katekista na mzee wa kanisa ni wanajamii. Miaka ikipita, yule mtoto akiwa mtu mzima, anaweza kumsamehe aliye gerezani. Watakatifu wamefanya makubwa kuliko hayo. Ila hiyo ni zawadi ya kwake, itoke siku atakayoichagua mwenyewe.

Warumi 12 na 13 zinasomwa pamoja kwa sababu hii. Mwisho wa sura ya 12 Paulo anakataza kujilipizia kisasi, na mistari michache mbele, 13:4, anamtaja mtawala kama mtumishi wa Mungu anayelipa uovu. Anayekwenda polisi baada ya kutoa kisasi moyoni mwake hajavunja neno. Na sheria yetu yenyewe inapenda upatanisho pale panapofaa: kwa shambulio la kawaida na makosa mengine madogo ya watu binafsi, mahakama inaweza kuwahimiza wahusika wapatane kwa fidia, kesi ikasimamishwa. Kwa migogoro ya ardhi, tangu mabadiliko ya mwaka 2021 kazi ya Baraza la Kata ni kusuluhisha, na limepewa siku 30. Likishindwa ndipo shauri linaingia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwamini mpole aliyesogezewa mpaka ajue pia kwamba madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Akinyamaza kwa kudhani kunyamaza ndiko kusamehe, anaweza kupoteza hata nafasi ya kuamua kumwachia jirani kile kipande kwa hiari.

Ukanda wetu unajua ukubwa wa madeni ya namna hii hata kati ya mataifa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliipa Ujerumani miezi 6 kurudisha fuvu la Mkwawa, aliyekufa mwaka 1898. Lilifika Kalenga mwaka 1954. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyafanya wakati wa Maji Maji, akiwa mbele ya wazao wa Songea Mbano, aliyenyongwa 1906 na ambaye fuvu lake wazao wake bado wanalitafuta. Maneno yalikuwa ya wazi na yalipokelewa kwa heshima. Familia ile ina haki ya kuyapokea na kuendelea kuuliza fuvu liko wapi.

Limebaki swali la mkosaji asiyetubu, au aliyekwisha kufa. Marko 11:25 inamtaka mtu asamehe pale pale anaposimama kusali, hata kama mkosaji hayupo wala hajui. Luka 17:3 inaweka toba mbele: akitubu, msamehe. Hazipingani. Ya kwanza ni kukabidhi kisasi kwa Mungu, na inaweza kufanyika leo, peke yako, mbele ya mchungaji au shahidi mmoja ukitaka isikike kwa sauti. Ya pili ni kumkabidhi mkosaji msamaha mkononi, na huyo lazima awepo na mkono uwe umenyooshwa.

Kwa aliyekufa, desturi yetu ya msibani imetutangulia. Msemaji wa familia husimama kabla ya mazishi na kutangaza kwamba yeyote aliyekuwa anamdai marehemu aonane na familia. Watu huja na madeni ya mbuzi, ya gunia, ya duka, na mara nyingi hulipwa. Mpaka uliosogezwa na marehemu ni deni kama hayo. Hesabu 5:8 haikubali lifutike hata kwa kifo cha aliyekosewa: jamaa yake wa karibu alipwe, na asipokuwapo jamaa, malipo yaende kwa kuhani. Watoto waliorithi shamba wanaweza kwenda na jirani, wazee wawili na kamba ya kupimia, wakarudisha hatua sita alizochukua baba yao. Wafanye hivyo kabla ya kugawana mirathi. Shamba likishagawanywa kwa warithi watano, kila mmoja na wake wa kumsikiliza, mpaka ule mmoja huwa ni kesi tano.